MGB ya 1966: nani alifunga nini

Januari

Injini inaunguruma vizuri, breki zinashika, sakafu iliyooza imeshachomelewa upya. Gari lingeweza kwenda kwa fundi wa rangi wiki hii, ila nimelizuia. Likishavuliwa kila kitu na kupigwa msasa hadi kwenye bati, ushahidi wote utakuwa umeondoka na vumbi. Kwanza nataka kujua kila kikorombwezo kilichomo kilifungwa na nani: kiwanda cha Abingdon, wakala aliyeliuza likiwa jipya, au mmiliki mmojawapo wa waliofuata.

Gari lenyewe ni MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya Kiingereza ya MG, la wazi, usukani wa kulia, rangi ya Pale Primrose (njano hafifu), viti vyeusi. Namba yake inaanza na GHN3. G ni MG, H ni injini ya kati ya cc 1,400 na 1,999, N ni bodi ya viti viwili, na 3 ni toleo la tatu la mfululizo huo. Yale ya usukani wa kushoto yaliongezewa L. Namba ya usajili ni ya Uingereza na inaishia na D, maana yake lilisajiliwa mwaka 1966.

Vitu vya kuchunguza ni vingi: ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo mkubwa), hita, stabilaiza ya mbele (fito ya kuzuia gari kuinama kwenye kona), honi mbili, rimu za spoku, redio na antena yake, keria ya kromu juu ya buti, taa mbili za ziada mbele ya grili, vioo juu ya madigadi, mikanda, usukani wa mbao na kibandiko kimoja cha kujisifu juu ya injini.

Ninaishikilia kazi hii kwa sababu MGB za miaka hiyo ziliuzwa zikiwa na vitu vichache sana. Ilipozinduliwa mwaka 1962, mnunuzi wa Uingereza aliyetaka hita alilipia ya ziada. Ovadraivu ilikuja kama kitu cha hiari mwaka 1963. Paa la turubai la kawaida lilikuwa la kuling'oa na kulihifadhi kwenye buti, na lile la kukunjwa nyuma ya viti lilikuwa na bei yake. Kwa hiyo magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yangeweza kutofautiana sana, na wakala naye akaongeza vyake kabla ya kukabidhi funguo. Namna mnunuzi wa kwanza alivyolitaka gari lake imeandikwa kwenye vitu hivi. Ukivipanga ovyo, au ukanunua kila kitu cha hiari kilichomo kwenye katalogi na kukipachika, unapata gari zuri ambalo halikuwahi kuwepo.

Nimeandaa kadi. Kila kitu kitafungiwa kadi yenye herufi moja: K ya kiwanda, W ya wakala, B ya baadaye. Pasipo ushahidi, kadi inabaki tupu.

Februari

Cheti kimefika. British Motor Industry Heritage Trust, ambao makao yao ni kwenye jumba la makumbusho la Gaydon, wanatunza kumbukumbu za uzalishaji za MG na wanatoa cheti kwa mwenye kutoa namba ya gari. Kwa anayefanya kazi hii, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kutafuta, kabla hata ya kununua bisibisi.

Kinasema gari lilijengwa Machi 1966, kinataja rangi, viti, namba ya injini, na kwamba lilipelekwa kwa wakala wa kusini mwa Uingereza. Kwenye vifaa kimetaja hita, ovadraivu, stabilaiza na paa la kukunja.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa bloku ya injini. Kimeandikwa 18GB-RU-H, na tarakimu zinazofuata ni zile zile za kwenye cheti. 18GB ni injini ya cc 1,798 yenye beringi tano za kranki, iliyochukua nafasi ya ile ya beringi tatu mwishoni mwa 1964. H ni mgandamizo wa juu. R ndiyo niliyokuwa naitafuta, kwa sababu inawekwa kwenye injini iliyofungiwa giaboksi yenye ovadraivu; isiyo nayo imeandikwa U peke yake. Swichi iko kwenye dashibodi upande wa dereva, na chini ya gari iko ovadraivu yenyewe, Laycock ya aina ya D, ikiwa na uchafu wa miaka yote. Cheti, kibati na chuma vinakubaliana. Kadi ya kwanza: K.

Hita ni K pia. Imekaa kwenye rafu yake nyuma ya injini, na hakuna dalili kwamba pale paliwahi kuzibwa kwa kile kibati kilichowekwa kwenye magari yasiyo na hita. Stabilaiza ni K. Kwa magari ya wazi ilikuja kuwa ya kawaida mwishoni mwa 1966, kwa hiyo kwa gari la Machi ilibidi iagizwe, na cheti kinasema iliagizwa.

Cheti hiki kisomwe kwa akili. Kipoza oili hakimo, ingawa kiko mbele ya rejeta na mabomba yake. Hakimo kwa sababu injini ya 18GB ilipokuja kilikuwa kimeshakuwa cha kawaida, na karani hakuwa na haja ya kuandika kitu ambacho kila gari lilikuwa nacho. Redio nayo haimo. Kitabu cha kiwanda kinaishia mlangoni mwa kiwanda. Yaliyofanyika kwa wakala hayawezi kuwemo. Nimeona watu wakitupa redio na keria za gari kwa sababu tu cheti hakikuzitaja, na inaniuma kila ninapoona.

Rimu za spoku nazo hazimo, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Februari, mwishoni

Rimu za spoku zilikuwa kitu cha hiari cha kiwandani. Kama gari lingetoka nazo, zingetarajiwa kuandikwa. Zaidi ya hapo, zilikuja na habu zake zenye meno na ekseli ya nyuma iliyo fupi kuliko ile ya rimu za bati. Nilipofungua nati ya masikio mawili upande wa kushoto na kuvuta gurudumu, nilichokuta ni adapta: kipande chenye meno kilichobanwa kwa nati nne fupi juu ya habu ya kawaida ya rimu za bati. Stadi za nusu inchi zimekatwa kwa msumeno ili zisigonge rimu, na ncha zimeachwa bila kupigwa tupa. Adapta hizi zinasukuma gurudumu nje, ndiyo maana tairi la nyuma lilikuwa linakaribia ukingo wa madigadi.

B, bila ubishi. Zitatoka. Stadi mpya zimeagizwa, na rimu za bati za 4J kwa 14 zitarudi na vikombe vyake vya katikati. Najua wengi wanaipenda MGB kwa spoku zake, na mimi mwenyewe naona zinapendeza. Gari hili halikuwa nazo.

Kwa anayechunguza gari lenye spoku za kweli: angalia pia meno ya skrubu ya habu. Upande wa kulia wa gari meno ni ya kushoto, upande wa kushoto ni ya kulia, ili nati zisijifungue gari likienda. Aliyebadilisha ekseli kwa haraka anaweza kuzipishanisha, na hapo tatizo si la uhalisia tena, ni la usalama.

Machi

Mwezi huu wote nimekuwa nikichungulia matundu.

Kila kitu kilichofungwa kwenye bodi kinahitaji tundu, na tundu haliwezi kusema uongo kirahisi. Nimetumia tochi, kioo cha kukuzia na rula ndogo ya chuma, na kila tundu limepigwa picha pamoja na rula kabla ya kuguswa na chochote.

Tundu lililotobolewa kabla ya rangi lina ukingo laini. Rangi ya chini imeingia ndani yake, kisha Pale Primrose ikafuata, na ukipitisha kucha huoni mahali rangi inapoishia. Matundu ya namna hiyo yasiyokuwa na kazi yamezibwa kwa mpira. Tundu lililotobolewa baada ya rangi lina ukingo mkali, rangi imemeguka duara kulizunguka, nyuma yake kuna kichomozi cha bati kilichoachwa na keekee, na kutu imeanzia pale pale kwenye bati tupu.

Ungedhani basi mambo yamekwisha: lenye rangi ni la kiwanda, lisilo na rangi ni la mwingine. Hapana. Bodi za MGB zilifika Abingdon zikiwa zimeshapakwa rangi. Abingdon ilikuwa ya kuunganisha tu. Kwa hiyo tundu lenye ukingo mtupu linaweza kuwa la mikono ya Abingdon wenyewe, na ndiyo maana tundu moja pekee halitoshi kutoa hukumu.

Swali la pili ni mahali. Watu wa kiwandani walifanya kazi ile ile kila siku kwa vipimo vile vile, hivyo matundu yao yanafanana kutoka gari hadi gari. Fundi wa wakala alipima kwa jicho au kwa karatasi ya maelekezo, akagonga alama ya nukta, akatoboa. Kwenye madigadi yangu kioo cha kulia kimekaa mbele ya cha kushoto kwa tofauti inayoonekana ukisimama mbele ya gari, na karibu na tundu la kushoto kuna mkwaruzo mfupi uliopinda pale keekee ilipoteleza kabla haijashika. Nimemwambia fundi wa rangi asiuzibe.

Swali la tatu ndilo lililonipa raha kuliko yote: nini kilikuja juu ya nini. Chini ya madigadi gari hili lilipuliziwa lami nyeusi ya kuzuia kutu, kazi ambayo mawakala wa Uingereza waliifanya sana kwa magari mapya. Lami hiyo ni kalenda. Nati ya antena ya redio, iliyokaa ndani ya digadi la mbele, imefunikwa na lami yote, hata meno ya skrubu yamejaa. Maana yake antena ilikuwepo lami ilipopulizwa. Nati za vioo nazo zimefunikwa. Lakini bolti za chuma kinachobeba zile taa mbili za ziada zimepita juu ya lami. Imekwanguliwa kuzipisha, na chini ya washa kuna vipande vya bati vya keekee vilivyozama ndani yake.

Nilimwita fundi wa rangi aje aone, kwa sababu yeye anajua tabaka kuliko mimi. Alilala chini kifudifudi, akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Bosi, hii antena na hii lami ni za siku moja. Hizo taa ni wageni."

Kadi bado sijaandika. Lami bila tarehe inaniambia mpangilio tu, haijaniambia mwaka.

Machi, mwishoni

Honi kwa ufupi. Zipo mbili, Lucas 9H; Lucas ndio waliotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili. Katika orodha ya vitu vya hiari ya BMC, kampuni mama ya MG, honi ya pili ilikuwemo, na cheti hakikuitaja. Lucas walikuwa na desturi nzuri sana ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyao: dainamo, koili, distribyuta, injini ya waipa, honi. Nimesugua kingo za hizi mbili kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Moja inasema 1 66, nyingine 2 66. Distribyuta ya 25D4 inasema 2 66. Gari lilijengwa Machi. Vifaa hutangulia gari kwa wiki au miezi michache, kamwe haviji baada yake, kwa hiyo hivi vinaingia vizuri. Nyaya za honi ya pili ni za zambarau zenye mstari mweusi, ndani ya fungu lile lile la kiwandani, bila kiungo chochote cha pembeni. K.

Tahadhari moja kwa wanaonunua vifaa ili kujaza pengo: tarehe zinagongwa hadi leo kwenye vifaa vya kuigiza. Tarehe inayong'aa kwenye chuma kilichochakaa, au herufi zilizokaa sawasawa mno, isiaminiwe peke yake.

Aprili

Redio.

Ni Radiomobile, kampuni iliyokuwa Cricklewood, London. Ina masafa ya kati na marefu tu. Haijatoa sauti kwa muda mrefu, na mtu aliyenitangulia alikata waya wake wa umeme na kuuzungushia tepu. Nimeitoa kwenye dashibodi polepole, nikiweka kila skrubu kwenye bahasha yake.

Magari ya kipindi hiki yalikuwa na ethi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. MGB ilihamia ethi hasi na toleo la pili, mwishoni mwa 1967. Gari langu limegeuzwa kuwa hasi wakati fulani, jambo la kawaida kwa watu waliotaka kufunga vyombo vya kisasa. Basi swali likawa rahisi: redio hii iliingia kabla au baada ya kugeuzwa?

Nyuma ya redio kuna plagi ndogo ya kuchagua upande wa ethi. Vumbi lilikuwa limeifunika mfano wa utando. Nilipoisafisha kwa brashi ya rangi niliona alama ya kujumlisha: imewekwa chanya, na pini zake zina ukungu wa kijani unaoonyesha hazijachomolewa miaka mingi. Mtu aliyefunga redio hii alikuta gari likiwa na ethi chanya. Aliyeligeuza gari hakuigusa. Aliikata waya tu.

Mambo mengine yanafuata mkondo huo. Skrubu zinazoshika braketi ni za UNF (meno ya vipimo vya inchi), meno yale yale yanayotumika kwenye gari zima. Nimejaribu nati ya milimita ikakataa. Kwenye koili ya HA12 na kwenye dainamo ya C40 kuna kapasita ndogo za kuzuia kelele ya cheche isiingie redioni. Hizi ni alama nzuri sana za kutafuta hata pale redio yenyewe ilipokwisha kung'olewa, kwa sababu wezi na wauzaji huchukua redio na kuacha kapasita. Chini ya mguu wa kapasita ya dainamo rangi nyeusi iko safi kabisa, wakati pembeni imeshambuliwa na kutu. Imekaa pale tangu dainamo likiwa jipya au karibu na hapo.

Waya wa umeme wa redio haukuchunwa na kusokotwa. Umeingizwa kwenye kiungo cha risasi, kile kidogo cha mviringo cha Lucas, na una kishikizo chake cha fyuzi cha kuning'inia. Ni kazi ya mtu aliyelipwa kufanya hivyo na aliyekuwa na vifaa sahihi mezani.

Redio inategemeana na antena, antena inategemeana na lami. Zote tatu zinasimama pamoja. Nikipata tarehe ya mojawapo, nimepata za zote.

Nimeamua pia kulirudisha gari kwenye ethi chanya. Si kwa ajili ya redio peke yake, ingawa nataka kuisikia. Betri mbili za volti 6 nyuma ya viti zitageuzwa, waya za koili zitabadilishana nafasi, na dainamo litapewa tena mwelekeo wake kwa kuigusisha ncha ya F umeme wa betri kwa sekunde moja. Kigumu ni kipimo cha mizunguko ya injini. Cha Smiths kilichokuja na injini ya beringi tano ni cha elektroniki na kinajali upande wa umeme, na aliyeligeuza gari alikifungua akabadilisha nyaya ndani. Nimeshakifungua na kuchora alichofanya. Kitarudishwa na fundi wa saa na vipimo, maana sindano ile haitaki mkono mzito.

Mei

Bahasha imepatikana. Familia ya mmiliki aliyetangulia walikuwa wameniahidi karatasi za mzee, nazo zimefika: stakabadhi za bima, kitabu cha huduma, na karatasi moja ya wakala iliyopigwa taipu, iliyokunjwa mara nne hadi mkunjo umeanza kutoboka.

Kabla ya kufurahi niliipima. Bei zimeandikwa kwa pauni, shilingi na peni. Uingereza iliacha mfumo huo Februari 1971. Kuna mstari wa kodi ya ununuzi, ambayo ilifutwa Aprili 1973 kupisha VAT. Namba ya simu juu ya karatasi ina jina la kituo cha simu cha eneo mbele yake badala ya tarakimu tupu, na anwani haina msimbo wa posta, ambao ulikuwa bado unasambazwa nchini hadi 1974. Namba ya usajili ni ya gari hili. Tarehe ni Mei 1966, na jina la wakala ni lile lile la kwenye cheti. Mtu akikuonyesha karatasi ya wakala, anza na hivyo: fedha, kodi, simu, anwani. Mghushi hukumbuka jina la wakala na kusahau shilingi.

Imeorodhesha redio na antena, mikanda miwili, vioo viwili vya madigadi, namba za usajili, na kupuliza lami chini ya gari. Pale chini imeandikwa iendelee ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haupo.

Redio, antena, vioo na mikanda: W. Naandika kwa furaha ambayo mwenye gari jipya hawezi kuielewa. Na lami sasa ina mwaka. Kila kilicho chini yake kimekuwepo tangu Mei 1966 au kabla, na kila kilicho juu yake kimekuja baadaye. Nimerudi kwenye picha zote za Machi na kuzipitia upya nikiwa na hilo mkononi.

Mei, katikati

Keria ya buti. Huku nyuma lami haikufika, na kama ilikuwa kwenye ukurasa wa pili, ukurasa huo umepotea. Nimelazimika kurudi kwenye rangi.

Fundi alifungua bolti nne na kuinua keria. Chini ya kila mguu kulikuwa na pedi ya mpira, na chini ya pedi, duara la Pale Primrose iliyokolea, isiyopigwa na jua. Alilowesha msasa mwembamba na kusugua nusu ya duara moja, kwa mwendo wa kuzunguka, hadi tabaka zikafunguka kama pete za mti. Nje ya duara: rangi ya juu, rangi ya chini ya kijivu ya mafundi wa baadaye, Primrose ya zamani, rangi ya chini ya kiwanda, bati. Ndani ya duara: Primrose ya zamani, rangi ya chini ya kiwanda, bati. Mtu aliyelipaka gari mara ya pili hakuing'oa keria. Alizungushia tepu miguu yake. Ukingo wa tepu unaonekana.

Kwa hiyo keria ilitangulia rangi ya pili. Stakabadhi moja ya gereji kwenye bahasha inaonyesha rangi hiyo ilipigwa 1972. Bolti ni za robo inchi, UNF. Kati ya 1966 na 1972, basi, na siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Kadi yake imeandikwa W kwa penseli. Wino utasubiri ukurasa wa pili, kama upo popote. Keria inabaki garini.

Vya haraka: usukani wa mbao ni B. MGB ilitoka na usukani mkubwa wenye spoku za waya zilizopangwa katika mafungu matatu, na wa mbao ulikuwa wa maduka ya vifaa. Ukweli kwamba ni wa zamani hauufanyi wa gari hili. Wa asili nimeshaupata, una ufa mmoja kwenye ukingo utakaojazwa.

Kibandiko cha Special Tuning kwenye kifuniko cha valvu: nacho B. Idara ya Special Tuning ilikuwepo kweli pale Abingdon na iliuza vifaa vya kuongeza nguvu, na vifaa vyake vilikuwa na namba zinazoanza na C, kama C-AHT. Nimetafuta namba hizo kwenye manifoldi, kabureta za SU, kichwa cha silinda na shokamzoba. Hakuna hata moja. Kibandiko kinanunuliwa popote. Namba ya kifaa ndiyo ya kutafuta. Kadhalika ukiona jina Unipart kwenye kifaa chochote, hicho ni cha 1974 kuja mbele, na nembo ya British Leyland haiwezi kutangulia 1968.

Juni

Zimebaki taa mbili za mbele. Ni Lucas za kweli, SFT 576 ya ukungu na SLR 576 ya mwanga wa mbali, na zingefaa kabisa kwa gari la 1966. Zinapendeza, kila mgeni anayekuja anazigusa kwanza. Ingekuwa rahisi sana kuandika W na kuendelea.

Bolti zake zimepita juu ya lami ya Mei 1966. Mbili kati yake ni za milimita. Nyaya zake ni za rangi moja, nyeupe zote mbili, wakati mpangilio wa Lucas ungetaka nyekundu yenye mstari wa njano kwa taa ya ukungu. Zimeunganishwa kwa kuchuna waya wa taa kubwa na kuusokota. Swichi imetobolewa kwenye ukingo wa chini wa dashibodi, na tundu lake limepita kwenye rangi ya pili, ile ya 1972, likaimegua.

B. Taa ni za enzi sahihi na zimefungwa miaka sita au zaidi baada ya gari kuuzwa. Zitasafishwa, zitafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa sandukuni pamoja na kadi yake inayoeleza zilikuwa wapi na kwa nini zimetoka, ili atakayelimiliki gari baada yangu asilazimike kuanza upya. Adapta za spoku na usukani wa mbao vinaingia sanduku hilo hilo.

Gari linakwenda kwa fundi wa rangi wiki ijayo. Maagizo niliyompa yamebandikwa kwenye kioo cha mbele: matundu ya antena, vioo na keria yabaki yalipo, pamoja na kioo cha kulia kilichokaa mbele, matundu ya bolti za taa na swichi yachomelewe, lami chini ya digadi la mbele la kushoto, penye nati ya antena, isiguswe kabisa. Wakati yeye anaendelea, mimi nina kipimo cha mizunguko mezani, na barua ya kuwauliza wenye bahasha kama kuna karatasi nyingine zilizobaki ndani ya kitabu cha mwenye gari.